Sharia Mikononi mwa Dola: Mabishano ya Miaka Mia Moja katika Fikra za Kiislamu

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanazuoni wa Kiislamu katika miaka mia moja iliyopita, moja limezua mabishano makali kuliko mengi, nalo ni hili: je, Uislamu umewaamuru wafuasi wake wasimamishe dola ya aina fulani, yenye mtawala wa aina fulani na kanuni za aina fulani, au umewawekea misingi ya imani, ibada na maadili, kisha ukawaachia wao wenyewe kuamua watawaliwe vipi? Majibu ya swali hili yamewafukuzisha watu kazi, yamevunja serikali ya mseto nchini Misri na, huko Sudan mwaka 1985, yalichangia kumfikisha mzee wa zaidi ya miaka sabini kwenye kitanzi.

Wale wanaojibu kwamba dini haikuagiza aina moja ya dola, na kwamba hakuna serikali inayostahiki kusema kwa niaba ya Mwenyezi Mungu, wamezoeleka kuitwa wanafikra wa kiliberali, ingawa baadhi yao hawalipendi jina hilo. Si watu walioiasi dini, na wengi wao walisoma katika vyuo vikongwe vya Kiislamu, kama Al-Azhar ya Cairo au vyuo vya Kishia vya Qum, na hoja zao huzitoa katika Kurani, hadithi na vitabu vya wanazuoni waliotangulia. Kinachowaunganisha ni imani yao kwamba mtawala ni mtumishi wa watu na lazima aulizwe, kwamba itikadi haina thamani ikiwa imelazimishwa, kwamba raia wasio Waislamu na wanawake wana haki kamili, na kwamba mlango wa ijtihadi, yaani jitihada ya mwanazuoni kutafuta hukumu kutoka kwenye vyanzo vya dini, haujafungwa.

Njia ya Mungu na ufahamu wa binadamu

Mjadala wote huu haueleweki pasipo kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Sharia, kwa wanazuoni, ni njia aliyoiweka Mwenyezi Mungu kwa ajili ya waja wake, na asili yake ni Kurani pamoja na Sunna, yaani maneno, matendo na mwenendo wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Fikihi ni elimu ya binadamu ya kuifahamu njia hiyo na kuitolea hukumu za mambo ya kila siku, na kwa kuwa ni kazi ya binadamu, ndani yake mna khitilafu nyingi, ambazo zimekusanyika katika madhehebu manne ya Sunni, yaani Hanafi, Maliki, Shafi na Hanbali, pamoja na madhehebu ya Ibadhi na Jaafari.

Suala la mwanamke ambaye mumewe ametoweka, hajulikani yu hai au amekufa, linaonyesha wazi upana wa khitilafu hizo. Imamu Malik alisema kwamba mwanamke huyo apeleke shauri lake kwa kadhi, asubiri miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa ya miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo yuko huru kuolewa. Wanazuoni wa Kihanafi walisema abaki mke wa mtu hadi watu wa rika la mumewe wawe wamekwisha kufa, na baadhi yao wakakadiria kwamba asubiri hadi umri wa mume huyo, lau angekuwa hai, ufike miaka tisini. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alikuwa na kauli mbili: alipokuwa Iraq aliafiki miaka minne, na alipohamia Misri, alikofariki mwaka 820, akaona mwanamke asubiri mpaka kuwe na yakini ya kifo au talaka. Mwanazuoni ni mmoja na Kurani ni ile ile, lakini majibu ni mawili, na hakuna aliyemshutumu imamu huyo kwamba amebadilisha dini.

Khitilafu kama hiyo haina madhara maadamu mtu anamwendea mufti anayemwamini na kuifuata fatwa kwa hiari yake. Mambo hubadilika pale serikali inapoamua kwamba mahakama zote zitatumia hukumu moja na kwamba asiyeitii atatiwa nguvuni, kwa sababu hapo lazima mtu fulani mwenye madaraka achague kati ya kusubiri miaka minne na kusubiri hadi mume afikishe umri wa miaka tisini, na uchaguzi huo haufanywi na Mwenyezi Mungu bali na waziri, wabunge au mfalme. Hoja nzima ya wanafikra wa kiliberali imesimama juu ya jambo hilo, hata pale wanapolieleza kwa maneno tofauti.

Wanaotoa hoja hii hupenda kukumbusha kwamba tahadhari kama hiyo ni ya zamani. Inasimuliwa kwamba khalifa Abu Jaafar al-Mansur wa ukoo wa Abbasi alitaka kitabu cha Imamu Malik, al-Muwatta, kiwe ndicho pekee cha kuhukumia katika himaya yote, na imamu mwenyewe akakataa, akieleza kwamba masahaba wa Mtume walitawanyika katika miji mbalimbali na kila mji una elimu iliyoufikia. Mwaka 833 khalifa al-Maamun alianzisha mtihani wa itikadi, ambapo makadhi na wanazuoni walitakiwa wakiri kwamba Kurani imeumbwa, na Ahmad bin Hanbal, aliyekataa, akafungwa na baadaye kupigwa mijeledi chini ya khalifa aliyefuata. Mtihani huo ulishindwa, na kushindwa kwake kukawaachia wanazuoni heshima ambayo makhalifa hawakuweza kuirudisha mikononi mwao: tangu hapo mtawala alikuwa na jeshi na hazina, lakini kauli juu ya maana ya dini ilibaki kwa wenye elimu.

Kitabu kilichomfukuzisha kadhi kazi

Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki chini ya Mustafa Kemal lilifuta cheo cha khalifa, na Abdulmejid wa Pili akapelekwa uhamishoni. Kwa mara ya kwanza baada ya karne nyingi Waislamu wa Sunni hawakuwa na mtu mmoja ambaye wengi wao wangemtaja kuwa khalifa, na mara moja watawala wengine wakaanza kukitamani cheo hicho, akiwemo Sharif Hussein wa Makka, aliyejitangaza khalifa mwezi huo huo, na Mfalme Fuad wa Misri, ambaye washabiki wake waliandaa mazingira ya kumpatia.

Katika hali hiyo, mwaka 1925, kadhi wa mahakama ya Kiislamu ya Mansura huko Misri, Ali Abdel Raziq, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho al-Islam wa Usul al-Hukm, kuhusu Uislamu na misingi ya utawala. Mwandishi huyu alihitimu Al-Azhar na kwa muda mfupi alisoma Oxford kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ukoo wake ulikuwa karibu na chama cha Waliberali wa Kikatiba, kwa hiyo kila mtu mjini Cairo alielewa kwamba kitabu hicho kinamgusa mfalme.

Hoja yake ilikwenda kwa hatua tatu. Kwanza alisema kwamba katika Kurani hakuna aya inayoamuru kusimamishwa kwa ukhalifa, kwamba ile aya ya 59 ya Sura ya An-Nisaa inayotaka waumini wawatii wenye mamlaka haisemi mamlaka hayo yawe ya namna gani, na kwamba ijmai, yaani makubaliano ya umma yanayodaiwa kuwa ushahidi wa wajibu huo, haikupatikana kwa hiari kwa kuwa ukhalifa katika sehemu kubwa ya historia ulisimama kwa upanga. Pili alisema kwamba Mtume alikuwa mjumbe na si mfalme, kwamba utii alioupata kwa masahaba ulitokana na utume wake, na kwamba utume ulikoma kwa kifo chake wala hakuna aliyeweza kuurithi, hivyo uongozi wa Abu Bakr ulikuwa uongozi wa kisiasa wa Waarabu, ingawa jina la khalifa wa Mtume liliwafanya watu waupe sura ya kidini. Tatu alihitimisha kwamba Waislamu wako huru kujenga serikali yao kwa akili zao na kwa yale ambayo uzoefu wa mataifa umeonyesha kuwa bora.

Tarehe 12 Agosti 1925 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Al-Azhar lilimhukumu kwa mashtaka saba, la kwanza likiwa kwamba ameifanya sharia kuwa jambo la kiroho tupu lisilohusika na utawala wala utekelezaji wa hukumu za dunia. Alivuliwa hadhi ya mwanazuoni, na kwa sababu hiyo alipaswa kupoteza ukadhi. Waziri wa Sheria, Abdel Aziz Fahmi, alisita kuitekeleza hukumu hiyo, naye akaondolewa, mawaziri wenzake wa chama wakajiuzulu, na serikali ya mseto ikavunjika. Mkutano wa ukhalifa uliofanyika Cairo mwezi Mei 1926 haukumchagua yeyote. Abdel Raziq mwenyewe hakuandika tena juu ya suala hilo kwa kina, lakini aliishi hadi mwaka 1966, akiwa amewahi kuwa waziri wa wakfu, na ndugu yake Mustafa alikuwa Sheikh wa Al-Azhar kuanzia mwaka 1945 hadi 1947.

Waliompinga na sababu zao

Ingekuwa dhuluma kuwaonyesha wapinzani wake kana kwamba wote walikuwa vibaraka wa ikulu. Muhammad al-Khidr Husayn, ambaye baadaye alikuja kuwa Sheikh wa Al-Azhar, na Muhammad al-Tahir ibn Ashur wa Tunisia, mmoja wa wafasiri wakubwa wa Kurani wa karne hiyo, walimjibu kwa vitabu vyenye uzito. Walisema kwamba Mtume alihukumu kesi, alikusanya zaka, aliongoza majeshi, alituma magavana na kufunga mikataba, na kwamba kuyaita mambo hayo kuwa nje ya utume ni kuipunguza dini. Rashid Rida, mhariri wa jarida la al-Manar lililoanzishwa Cairo mwaka 1898, aliona hatari nyingine, kwamba kitabu hicho kinawapa silaha wakoloni wa Kizungu, waliokuwa wakitaka Waislamu wasiwe na umoja wa kisiasa wa kuwapinga.

Hofu hiyo ya ukoloni ndiyo iliyoipa nguvu fikra ya upande wa pili. Mwaka 1928 Hassan al-Banna alianzisha Udugu wa Kiislamu mjini Ismailia, karibu na Mfereji wa Suez, mahali ambapo ubwana wa wageni ulionekana waziwazi, na miaka michache baadaye Abul Aala Mawdudi wa Bara Hindi akafundisha kwamba enzi yote ya kutunga sheria ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Kwa upande wa Shia, Ayatollah Khomeini alitoa mihadhara yake huko Najaf mwaka 1970, akidai kwamba madhali imamu wa kumi na mbili yuko ghaibu, mwanafikihi mwadilifu ndiye anayestahiki kutawala, na katiba ya Iran ya mwaka 1979 ikalifanya dai hilo kuwa cheo cha dola.

Iran ikawa mahali ambapo hoja ya kiliberali ilizaliwa upya, safari hii kutoka kwa watu walioyaunga mkono mapinduzi na kisha kuyaona matokeo yake. Abdolkarim Soroush alianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kueleza kwamba dini ni thabiti lakini elimu ya binadamu kuhusu dini hupanuka na kusinyaa pamoja na elimu nyingine, kwa hiyo hakuna tabaka la watu linaloweza kudai kwamba ufahamu wake ndio dini yenyewe. Mohsen Kadivar, mwanazuoni wa Qum, alichambua vitabu vya fikihi ya Kishia na kuonyesha kwamba nadharia ya utawala wa mwanafikihi ni moja tu kati ya nadharia kadhaa, na mwaka 1999 alifungwa jela kwa maoni yake.

Njia tatu za kujenga hoja

Mtaalamu wa elimu ya jamii Charles Kurzman, aliyekusanya maandiko ya wanafikra hawa katika kitabu cha mwaka 1998, alizigawa hoja zao katika mafungu matatu, na mgawanyo huo unamsaidia msomaji kuona wanakohitilafiana.

Fungu la kwanza ni la wanaosema kwamba sharia yenyewe imekwisha kuagiza mambo ya kiliberali. Hawa hutaja aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara inayokataza kulazimishana katika dini, amri ya kushauriana iliyomo katika Sura ya Ash-Shura, na mkataba wa Madina, ambao Mtume aliufunga na makabila ya mji huo, Wayahudi wakiwemo, kila watu wakibaki na dini yao. Fungu la pili, ambalo Abdel Raziq ni mfano wake mkubwa, linasema kwamba katika mambo ya utawala sharia imenyamaza kwa makusudi na kuwaachia watu nafasi. Fungu la tatu linasema kwamba hata pale maandiko yaliposema, binadamu huyafahamu kwa tafsiri, na tafsiri haziwezi kuwa moja.

Wengi wa fungu hili la tatu huegemea elimu ya makusudio ya sharia, ambayo iliendelezwa na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, na inayofundisha kwamba hukumu zote zinalenga kulinda dini, uhai, akili, kizazi na mali. Mfano wanaoupenda ni wa khalifa Umar, ambaye katika mwaka wa njaa aliacha kukata mikono ya wezi, na ambaye aliwasimamishia fungu la zaka watu waliokuwa wakipewa ili mioyo yao iuelekee Uislamu, ingawa fungu hilo limetajwa katika Kurani, kwa kuwa sababu yake ilikuwa imekwisha. Wapinzani hujibu kwamba Umar hakuifuta hukumu bali aliona masharti yake hayakutimia, na tofauti kati ya kauli hizo mbili ndiyo inayoamua mabadiliko yaende umbali gani.

Ndoa mbele ya watunga sheria

Mabishano juu ya ukhalifa yanaweza kuonekana kuwa mbali na maisha ya watu wa kawaida, lakini swali hilo hilo limeingia ndani ya nyumba zao kupitia sheria za ndoa. Dola ya Uthmaniya ilikuwa ya kwanza kuigeuza fikihi kuwa kanuni zilizopangwa kwa vifungu, kwanza katika Mejelle ya mambo ya madai iliyotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, kisha katika sheria ya familia ya mwaka 1917, ambayo iliyaacha kwa baadhi ya mambo madhehebu ya Hanafi, yaliyokuwa rasmi, na kuchukua kauli za madhehebu mengine pale zilipoonekana kuwa nafuu.

Kisa cha Bara Hindi kinaonyesha jinsi uchaguzi huo unavyofanyika. Wanawake wa Kiislamu huko, wakiwa chini ya fikihi ya Hanafi, hawakuwa na njia ya kuvunja ndoa na mume mkatili, aliyewatelekeza au aliyetoweka, na baadhi yao waligundua kwamba kwa mujibu wa hukumu iliyotumiwa na mahakama za wakati huo mke anayeritadi, yaani anayeiacha dini, ndoa yake hukatika papo hapo. Wanawake walipoanza kuutangaza ukafiri ili waokoke na ndoa, Ashraf Ali Thanawi, mwanazuoni wa Kihanafi mwenye msimamo wa kihafidhina, aliwaandikia wanazuoni wa Kimaliki wa Hijazi na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akatoa kitabu cha kuruhusu kauli zao zitumike. Mwaka 1939 bunge la utawala wa Kiingereza lilipitisha sheria iliyompa mwanamke haki ya kudai talaka mahakamani iwapo mumewe hajulikani alipo kwa miaka minne, na papo hapo likasema kwamba kuritadi peke yake hakuvunji ndoa. Maulamaa walitaka mashauri hayo yasikilizwe na mahakimu Waislamu tu, lakini kipengele hicho kiliondolewa. Hukumu ilitoka katika fikihi, lakini nguvu yake, mipaka yake na hakimu wake vilitoka kwa dola, tena dola ya watu wasio Waislamu.

Tunisia ilikwenda mbali zaidi mwaka 1956, pale Habib Bourguiba alipopiga marufuku ndoa ya wake wengi kwa hoja kwamba aya ya 3 ya Sura ya An-Nisaa imeshurutisha uadilifu na aya ya 129 imesema uadilifu huo hauwezekani. Misri, katika Sheria Namba 1 ya mwaka 2000, ilimruhusu mwanamke kupata khului, yaani kujivua katika ndoa kwa kurejesha mahari na kuacha haki zake za fedha, hata mumewe asiporidhia, baada ya jaribio la usuluhishi la muda usiozidi miezi mitatu. Waliounga mkono waliitaja hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyeamriwa amrudishie mumewe bustani aliyopewa mahari, ilhali waliopinga walisema wengi wa wanazuoni wa zamani waliona ridhaa ya mume ni sharti.

Funzo la Khartoum

Sudan ndiko mjadala huu ulikofikia gharama kubwa zaidi. Mahmoud Mohamed Taha, mhandisi aliyeanzisha chama cha Warepublican mwaka 1945, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba aya zilizoteremka Makka, zenye kuhimiza uhuru na usawa, ndizo ujumbe wa kudumu, na kwamba aya nyingi za hukumu zilizoteremka Madina zilihusu hali ya watu wa wakati ule. Wanazuoni wengi waliikataa kauli hiyo kabisa, kwa kuwa inageuza utaratibu unaojulikana wa aya ya baadaye kuifuta hukumu ya aya iliyotangulia.

Septemba 1983 Rais Jaafar Nimeiri, mwanajeshi aliyeingia madarakani kwa mapinduzi na ambaye serikali yake ilikuwa ikiyumba, alitangaza kuwa sharia ndiyo sheria ya nchi. Taha na wafuasi wake walisambaza karatasi ya kupinga mwezi Desemba 1984, wakisema kwamba sheria hizo zimeutia Uislamu aibu na kuuhatarisha umoja wa nchi iliyokuwa na wananchi wengi wasio Waislamu upande wa kusini. Alikamatwa, akashtakiwa, akakataa kuitambua mahakama, akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Januari 1985 akanyongwa katika gereza la Kober. Nimeiri alipinduliwa mwezi Aprili mwaka huo huo, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Sudan ikaibatilisha hukumu ile.

Mwanafunzi wake, Abdullahi An-Na'im, mwanasheria aliyehamia Marekani, amelifikisha suala hili mahali pa wazi kuliko wote waliotangulia. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 anadai kwamba sharia kwa asili yake haiwezi kuwa sheria ya dola, kwa sababu ibada na utii vinahitaji nia na hiari, na kwa sababu kila kanuni ambayo dola inaitekeleza inakuwa matakwa ya kisiasa ya wanaoitawala dola hiyo. Anasema anaitaka dola isiyofungamana na dini ili aweze kuwa Mwislamu kwa kuamini na kuchagua. Hata hivyo hataki dini ifukuzwe katika siasa: raia Mwislamu anaweza kupendekeza sheria inayotokana na imani yake, ila lazima aitetee kwa sababu ambazo jirani yake wa dini nyingine anaweza kuzipima, kuzikubali au kuzikataa bila kuitwa kafiri.

Mahali hoja inapopwaya

Hoja hii ina udhaifu wake. Baadhi ya mageuzi yanayosifiwa, kama yale ya Bourguiba, yaliletwa na watawala waliowanyima watu wao uhuru wa kusema na kuchagua, na wananchi wengi wakazoea kuuhusisha uliberali na amri kutoka juu na desturi za Ulaya. Vitabu vya wanafikra hawa vinasomwa vyuoni zaidi kuliko vinavyosikika misikitini. Tena dola isiyofungamana na dini si kinga ya dhuluma, kwani nchi kadhaa zilizojiita hivyo zimewabana Waislamu hata katika mavazi yao.

Wapo pia wanaolikaribia hitimisho la An-Na'im kwa njia nyingine. Nurcholish Madjid wa Indonesia alizua zogo mwaka 1970 aliposema kwamba Uislamu hauhitaji chama cha siasa ili uwe hai. Rached Ghannouchi wa Tunisia, aliyelelewa katika fikra za Udugu wa Kiislamu, alikiongoza chama chake cha Ennahda mwaka 2016 kutenganisha kazi ya siasa na kazi ya kuhubiri. Na Wael Hallaq, mhakiki mkali wa uliberali, alidai katika kitabu chake cha mwaka 2013 kwamba dola ya kisasa haiwezi kamwe kuwa ya Kiislamu, kwa kuwa inadai kuwa chanzo cha juu cha sheria. Watu hawa hawakubaliani katika mengi, lakini kila mmoja kwa njia yake anatilia shaka kwamba dini na madaraka ya dola vinaweza kuunganishwa bila gharama.

Makadhi wa Afrika Mashariki

Mjadala huo ulifika pwani ya Afrika Mashariki mapema, kwa sura yake ya wastani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeyasoma maandishi ya mwanamageuzi wa Misri Muhammad Abduh na ya Rashid Rida, alichapisha magazeti ya al-Sahifa na al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, akihimiza elimu, ikiwemo ya wasichana, na kukemea ufuataji wa mambo bila hoja, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947. Hivyo aliufungua mlango wa ijtihadi kwa wasomaji wa Kiswahili. Na kabla yake, katika Zanzibar ya masultani Waibadhi, makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafi walifanya kazi bega kwa bega, kwa kuwa mtawala hakuwataka raia zake waoane na kurithiana kwa madhehebu yake.

Leo kila nchi imejibu kwa namna yake. Tanzania Bara ilizifuta mahakama za kadhi muda mfupi baada ya uhuru, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, ikiwemo ya wake wengi, lakini amri ya talaka yenye nguvu ya kisheria hutolewa na mahakama ya kawaida, ndiyo maana madai ya kuirudisha mahakama ya kadhi yameibuka mara kwa mara, hata yakaingia katika ilani ya chama tawala ya mwaka 2005. Zanzibar inazo mahakama hizo. Kenya ilizirithi kutokana na makubaliano ya mwaka 1895 na ya Oktoba 1963 kuhusu ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani, na zilipopingwa na viongozi wengi wa makanisa wakati wa kura ya maoni ya Agosti 2010, katiba iliyozibakiza ilipita kwa takriban asilimia 67.

Kifungu cha 170 cha katiba hiyo kinastahili kusomwa polepole. Kinaiwekea mahakama ya kadhi mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mamlaka yake. Kinataka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu, lakini anayeamua kama elimu hiyo inatosha ni Tume ya Huduma za Mahakama, chombo cha dola ambacho Uislamu si sharti la kuwa mjumbe wake. Hapo yamo mambo yote mawili: sharti la ridhaa, ambalo An-Na'im angelitetea, na ukweli kwamba hata kadhi anahukumu kwa kibali cha serikali.

Kwa hiyo anayedai mahakama hizo na anayezipinga wanakabiliwa na maswali yale yale, na mjadala ungeongezeka maana kama yangewekwa mezani mapema: kauli ya imamu yupi itatumika katika shauri la mke aliyetelekezwa, nani ataichagua, mtu asiyeridhika atakata rufaa wapi, na atakayeihoji hukumu atahesabiwa kuwa amemhoji mtunga sheria au amemkana Mungu wake? Sheria iliyotungwa na watu inaweza kuwa ya haki na ikawa na asili njema katika dini, lakini walioitunga na wanaoitekeleza ni watu, na watu huulizwa.